Kukata na kutamka majina marefu ya kemikali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yanayorudi kila siku kwa wauzaji wa pembejeo na wa dawa za binadamu, wanafunzi wa kemia na wasomaji wa taarifa za redio hapa Arusha na Moshi. Majina ya kemikali yameachwa kama yanavyoandikwa kwenye lebo. Matamshi yamegawanywa kwa vistari, na silabi yenye mkazo ina herufi kubwa. Jambo likiwa limeelezwa kwingine, tumetaja namba ya swali.

## Mwanzo

1. Kwa nini majina haya ni marefu hivi?

Kwa sababu jina la kemikali ni hesabu ya vilivyomo. Chukua magadi ya Ziwa Natron, yale yale yanayolainisha makande jikoni. Madini makuu ya magadi huitwa trona, na jina lake la kikemia ni *trisodium hydrogendicarbonate dihydrate*. Lisome kama orodha ya kwenda sokoni: tri-sodium, sodiamu tatu, hydrogen, haidrojeni moja, di-carbonate, kaboneti mbili, di-hydrate, molekuli mbili za maji zilizoshikwa humo ndani. Anayezijua sehemu hizo anaandika fomula bila kufungua daftari: Na₃H(CO₃)₂·2H₂O.

Neno "magadi" ni fupi na tamu, ila halisemi lolote kati ya hayo. Utaratibu wa kutaja kemikali kwa namna moja duniani ulianza kuwekwa katika mkutano wa Geneva mwaka 1892, na umoja wa kimataifa wa wanakemia, IUPAC, unaousimamia leo, ulianzishwa mwaka 1919.

2. Lebo moja ina majina matatu. Nitamke lipi?

Tamka la katikati. Jina la biashara ni lile kubwa lenye rangi, na kila kampuni ina lake. Jina la kawaida huandikwa chini yake kwa herufi ndogo pamoja na kipimo, kwa mfano *glyphosate*, glai-fo-SE-ti. Jina la kimfumo ndilo refu kuliko yote. La glyphosate ni *N-(phosphonomethyl)glycine*.

Jina la kawaida lilitungwa litamkike na lisifanane na mengine kirahisi. Kwa dawa za binadamu, Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa majina hayo mwaka 1950, na orodha ya kwanza ikatoka 1953. Mara nyingi jina hilo ni la kimfumo lililobanwa: *paracetamol* limechotwa ndani ya para-acetylaminophenol. Anayetegemea jina la biashara peke yake anaweza kumeza vidonge vya makopo mawili tofauti na kumbe yote mawili ni paracetamol, dozi ikawa maradufu.

3. Naanzia wapi kulikata jina refu?

Anza na maana, sauti ifuate. Jina refu ni muwa. Watu wa Arusha Chini wanajua: muwa haukatwi popote, unakatwa penye fundo, ndipo unapata pingili. Jina la kemikali nalo lina pingili, na kila pingili ina maana yake. Ukikata katikati ya pingili, unabaki na sauti isiyo na maana na ulimi unakwama.

Tufanye na jina zima la DDT: *dichlorodiphenyltrichloroethane*. Lina herufi 31, bila nafasi hata moja.

Weka kidole mwisho wa jina. Tafuta pingili ya mwisho unayoitambua: *ethane*. Hicho ndicho kiwiliwili, vingine vyote vimening'inizwa juu yake. Rudi nyuma: *chloro*. Mbele yake *tri*, yaani kloro hizo ni tatu. Kisha *phenyl*, na mbele yake *di*. Kisha *chloro* tena, na *di* nyingine. Chora mistari kwa penseli: di/chloro/di/phenyl/tri/chloro/ethane. Pingili saba, na mbili kati yake ni marudio. Kwa hiyo una sauti mpya tano tu za kujifunza.

Sasa tamka ukianzia mwisho, ukiongeza pingili moja moja:

e-THA-ni
klo-ro-e-THA-ni
trai-klo-ro-e-THA-ni
fe-nai-li-trai-klo-ro-e-THA-ni
dai-fe-nai-li-trai-klo-ro-e-THA-ni
klo-ro-dai-fe-nai-li-trai-klo-ro-e-THA-ni
dai-klo-ro-dai-fe-nai-li-trai-klo-ro-e-THA-ni

Rudia kila mstari mara tatu kabla ya kushuka. Tunasisitiza kuanzia mwisho kwa sababu anayeanzia mbele huchoka katikati na kuumeza mwisho, wakati mwisho ndio unaoamua kemikali ni ipi (tazama swali la 11 na la 12). Ukianzia mwisho, kinywa kinasafiri kuelekea mahali kinapopajua.

4. Nimekata pingili vizuri, lakini nikitamka silabi zinaangukia pengine. Nimekosea?

Hujakosea. Mkato wa maana na mkato wa sauti ni mambo mawili. *Methanol* kwa maana ni meth/an/ol: kaboni moja, mnyororo uliotosheka, kundi la alkoholi. Kwa sauti ni me-tha-NO-li. Ile *th* imehama kutoka pingili yake ikaifuata irabu inayokuja. Kiswahili kinapenda silabi inayoishia na irabu, kwa hiyo konsonanti ya mwisho wa pingili huvutwa mbele kila inapokutana na irabu.

Mfano mkubwa zaidi ni *sulfamethoxazole*, mojawapo ya dawa mbili zilizomo kwenye co-trimoxazole. Maana: sulfa/meth/oxazole. Sauti: sal-fa-me-thok-sa-ZO-li. Kwa wenye nyanya kuna *chlorantraniliprole*. Maana: chlor/antranili/prole. Sauti: klo-ran-tra-ni-li-PRO-li. Hapo *r* ya chlor imehamia jirani.

Kwa hiyo kwenye daftari kata kwa maana, na kinywani kata kwa sauti. Mwanafunzi anayeandika "metho/xazole" kwa kufuata sikio lake ameivunja pingili ya oxazole, na kuchora muundo wake hataweza.

5. Pingili zipi nizijue kwanza?

Za idadi: mono (MO-no), di (dai), tri (trai), tetra (TE-tra), penta, hexa (HEK-sa). Za urefu wa mnyororo wa kaboni, kuanzia moja hadi kumi: meth, eth, prop, but, pent, hex, hept, oct, non, dec. Tatu za mwisho zinakaririka zenyewe kwa anayekumbuka oktagoni na desimali. Nne za kwanza hazina njia ya mkato, zikariri.

Za vitu vinavyoning'inizwa: chloro (KLO-ro), bromo (BRO-mo), fluoro (flu-O-ro), iodo (a-YO-do), nitro (NAI-tro), amino (a-MI-no), cyano (sai-A-no), hydroxy (hai-DROK-si), thio (THAI-o, yaani salfa), phenyl (fe-NAI-li). Ukiwa na hizi zote, lebo nyingi za duka la pembejeo zinasomeka. Za mwisho wa jina zina maswali yake, la 11 hadi la 13.

## Herufi na sauti

6. Ch, ph, c, x na y zinasomwaje?

*Ch* ni k. Hili ndilo kosa la kwanza la kila mgeni: anaona "chloro" anaisoma kwa ch ya chai. Asili yake ni Kigiriki, na k ndiyo sauti yake. *Ph* ni f. *Phth* inatamkwa th peke yake: *phthalate* ni tha-LE-ti.

*C* ni s ikifuatwa na e, i au y, na ni k kwingine. *Glycine*: glai-SI-ni. *Calcium*: kal-si-A-mu, c ya kwanza k, ya pili s. *G* vilevile: hydrogen ni hai-dro-JE-ni, ingawa katika gly- inabaki g ya glasi. *X* katikati ni ks, mwanzoni ni z: *xylene* ni zai-LI-ni. *Qu* ni kw: *chloroquine*, klo-ro-KWI-ni. *Y* katikati mara nyingi ni ai, mwishoni ni i. *Ps* mwanzoni hupoteza p: *pseudoephedrine* ni syu-do-e-fe-DRI-ni.

*E* ya mwisho wa jina haitamkwi. Kiswahili huweka i mahali pake, na hapo hakuna madhara.

7. Methyl ni "methili" au "methaili"?

Zote mbili ni sahihi. Waingereza husema -aili, Wamarekani husema -ili, na ndivyo ilivyo kwa ethyl na phenyl. Chagua moja na muitumie wote mnaofanya kazi pamoja. Tofauti ya sulphur na sulfur nayo ni ya namna hiyo. IUPAC ilichagua f mwaka 1990, vitabu vingi vya zamani vina ph, na sauti haibadiliki.

Hatari ya kweli katika neno hili ni th. Mtu akisema "mesili" ametaja kitu kingine kabisa: *mesyl* ni kundi halisi la kikemia lenye salfa. Tamka th ya thelathini.

8. Je, niongeze irabu ili jina lilainike, kama "kuloro" au "fuluoro"?

Mwishoni mwa jina, ndiyo. Katikati, hapana, tena huna haja. Kinywa chako kimeshazoea klabu, glasi, blanketi, trekta na gramu. Klo-, glai-, bro- na trai- ni njia zile zile. Silabi inayofungwa na konsonanti nayo unaijua: lab-da, daf-ta-ri, sal-fa. Hivyo ok-SI-di haihitaji kuwa "okisidi".

Irabu ya kuongeza katikati inafanya jina liwe refu zaidi, na msikilizaji anaweza kuidhania pingili.

La uzito zaidi ni kubadilishana l na r. Katika maongezi ya kawaida tunaelewana, lakini hapa *chlorate* (klo-RE-ti) na *chromate* (kro-ME-ti) ni vitu viwili: kimoja kina klorini, kingine kina kromi. Anayejua kwamba ulimi wake unachanganya herufi hizo aandike jina badala ya kulitaja.

9. Mkazo uwekwe wapi?

Ukitamka kwa Kiswahili, silabi ya pili kutoka mwisho, kama neno lingine lolote: e-tha-NO-li, glai-fo-SE-ti. Waingereza huuweka mbele katika majina mengi, ndiyo maana *methane* yao inasikika tofauti na methani yetu. Katika jina refu kila pingili nzito ina mkazo mdogo wake, na ule mkubwa uko mwisho. Usitamke silabi zote kwa nguvu sawa, jina litasikika kama hesabu ya kuzidisha.

Kuhusu "ai": katika neno *kudai*, a na i ni silabi mbili. Katika dai-, trai- na hai- za kemia zitamke kwa pumzi moja. Kwa hesabu hiyo jina la DDT lina silabi 13 kwa Kiswahili, na 11 kwa Kiingereza, ambacho hakina zile irabu za mwisho.

10. Irabu mbili zikikutana nifanyeje?

Zitamke zote. Hapa mzungumzaji wa Kiswahili amemtangulia Mwingereza, kwa kuwa saa, choo na kaa vimemfundisha tangu utotoni. *Tetraacetic* ni te-tra-a-se-TI-ki, a mbili. *Isooctane* ni ai-so-ok-TA-ni, o mbili. *Emamectin benzoate*: e-ma-mek-TI-ni ben-zo-E-ti. Wengi husema "benzoti", na hapo pingili ya mwisho, -ate, imepotea.

## Miisho inayoponza

11. Nitrate na nitrite: tofauti ya herufi moja ina maana gani?

Ina maana ya oksijeni. Mwisho *-ate* una oksijeni nyingi kuliko *-ite*, na *-ide* kwa kawaida haina kabisa. Ngazi ya klorini inaonyesha vizuri zaidi, kutoka chini kwenda juu:

chloride, klo-RAI-di: haina oksijeni, ndiyo iliyomo kwenye chumvi ya mezani
hypochlorite, hai-po-klo-RAI-ti: oksijeni moja, ndiyo iliyomo kwenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe
chlorite, klo-RAI-ti: oksijeni mbili
chlorate, klo-RE-ti: oksijeni tatu
perchlorate, pa-klo-RE-ti: oksijeni nne

Chumvi ya mezani unaila. Sodium chlorate ni sumu, na ikigusana na kitu kinachoungua huchochea moto mkali. Sikia sasa jinsi klo-RAI-di na klo-RAI-ti zinavyokaribiana. Ile t itamkwe kavu na d itamkwe wazi. Katika maandishi ya Kiswahili tumezoea kloridi na oksidi, na hilo ni sawa. Lakini unapoagiza kwa mdomo tumia -aidi, -aiti na -eti kamili, maana "nitridi" na "nitriti" zikisemwa haraka hakuna anayezitofautisha. Mbolea ya CAN ni calcium ammonium *nitrate*, nai-TRE-ti.

Mwisho *-ine* nao usichanganywe na *-ide*. Maji ya visima vingi vya kuzunguka Mlima Meru yana *fluoride*, flu-o-RAI-di, iliyotoka kwenye miamba ya volkano, nayo ikizidi huyafanya meno ya watoto kuwa ya kahawia. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. *Fluorine* ni gesi kali ya manjano, na haikai ndani ya maji ya kunywa: ikiyagusa inaungana nayo papo hapo. Msomaji wa habari akisema "florini kwenye maji ya Arusha" amewatisha watu kwa kitu ambacho hakipo. Na katika kuandika, u inatangulia o: f-l-u-o.

12. Miisho mingine ya kuangalia ni ipi?

Tatu za mnyororo: *-ane*, *-ene*, *-yne*. Kwa Kiswahili: ethani, etheni, ethaini. Etheni ni gesi ambayo ndizi huitoa zenyewe zinapoiva. Ethaini ndiyo asetilini, gesi ya mafundi wa kuchomelea, na ndiyo inayotoka kabaidi inapoguswa na maji. Irabu moja inatenganisha gesi tatu.

Kisha *-ol*, *-al* na *-one*: alkoholi, aldehaidi, ketoni. Ethanol ni pombe. Ethanal ni kitu kingine chenye harufu kali. *-One* inasomwa o-ni, kama pro-pa-NO-ni, wala si namba moja ya Kiingereza.

Halafu kuna herufi moja ya mbele isiyopaswa kumezwa kamwe: *methanol* na *ethanol*. Methanol hupofusha na huua hata kwa kiasi kidogo. Ukitaja mojawapo, tulia kwenye silabi ya kwanza, na mwandikie mwenzako.

13. Dawa nyingi zinaishia na "-azole". Nazitofautishaje?

Sikiliza silabi inayotangulia azoli. Metronidazole ni me-tro-nai-da-ZO-li: -*nidazole* ni kundi la dawa za amiba na baadhi ya bakteria. Fluconazole, flu-ko-na-ZO-li: -*conazole* ni fangasi. Albendazole, al-ben-da-ZO-li: -*bendazole* ni minyoo. Omeprazole, o-me-pra-ZO-li: -*prazole* hupunguza asidi tumboni. Mgonjwa akisema "zile za zoli" hajasema chochote, muulize "nai, kona, benda au pra?"

Wapo mapacha wabaya zaidi, wanaofanana mbele na kutengana katikati. *Chlorpromazine* ni ya magonjwa ya akili, *chlorpropamide* ni ya kisukari. *Hydralazine* ni ya presha, *hydroxyzine* ni ya mzio na mwasho. Kwenye rafu andika sehemu inayotofautiana kwa herufi kubwa, chlorproMAZINE na chlorproPAMIDE, wala usiziweke jirani. Kabla ya kutoa, uliza dawa ni ya ugonjwa gani.

## Namba, vistari na mabano

14. Zile namba za katikati zinasomwaje?

Zinasomwa moja moja, na ni anwani. *2,4-D*, ile dawa ya magugu ya majani mapana shambani, inasomwa "mbili, nne, D". Jina lake kamili ni *2,4-dichlorophenoxyacetic acid*: mbili, nne, dai-klo-ro-fe-nok-si-a-se-TI-ki, asidi. Namba 2 na 4 zinasema kloro zimekaa kwenye kaboni ya pili na ya nne ya pete. Mkato kati ya namba si wa desimali, na usisome "ishirini na nne". Kwenye mkato pumzika kidogo, kwenye kistari pumzika zaidi.

Idadi ya namba lazima ilingane na pingili ya idadi inayofuata. *2,2,4-trimethylpentane* ina namba tatu na tri. Ukikuta namba mbili na tri, mwandishi ameruka kitu. (Hii ndiyo kemikali iliyopewa oktani 100 katika kupimia petroli.)

15. Na mabano, namba za Kirumi na herufi zilizolala?

Mabano hayatamkwi, pumzika kabla na baada. N-(phosphonomethyl)glycine ni "eni, fos-fo-no-me-thai-li, glai-SI-ni". Herufi N inaonyesha kundi limeshika nitrojeni, kwa hiyo itaje. Herufi za Kigiriki zitaje kwa majina yake: *lambda-cyhalothrin* ni lam-da, sai-ha-lo-THRI-ni.

Namba ya Kirumi husomwa kama namba ya kawaida: copper(II) sulfate ni "shaba mbili salfeti". Haina maana ya shaba mbili, ina maana ya shaba yenye chaji ya mbili. Hiyo ni mrututu, ambayo wakulima wa kahawa wameijua muda mrefu kwa rangi yake ya buluu.

16. Jina limefika mwisho wa mstari. Nilikate wapi?

Kwanza penye kistari ambacho tayari kimo. Kama hakipo, kati ya pingili, kamwe si ndani yake: *dichlorodiphenyl-* juu na *trichloroethane* chini ni sawa, *dichlorodiphe-* si sawa hata kama silabi inaruhusu. Usiache namba peke yake mwisho wa mstari, isafiri na pingili yake.

Kwenye Word bonyeza Ctrl pamoja na kistari penye kila fundo. Hicho ni kistari laini, kinaonekana tu mstari ukikatika hapo. Ukiweka kistari cha kawaida, maandishi yakisogea kitabaki katikati ya jina na msomaji atadhani ni sehemu ya jina. Kwa kistari kisichotakiwa kukatika, kama cha 2,4-D, bonyeza Ctrl, Shift na kistari.

## Dukani na kwenye simu

17. Mteja anataja nusu ya jina. Nifanyeje?

Usikamilishe jina kwa kubahatisha. Hali ya kawaida pale soko la Kilombero, Arusha, au la Mbuyuni, Moshi, ni hii:

"Shikamoo mzee."
"Marahaba binti. Nipatie ile dawa ya nyanya, ya kloro… kloro nini sijui."
"Mzee, nyanya zina kantangaze au zina ukungu?"

Swali hilo moja limeokoa msimu. Kama ni kantangaze, yule kiwavi wa nyanya, huenda anatafuta chlorantraniliprole, inayoua viwavi. Kama ni ukungu, huenda ni *chlorothalonil*, klo-ro-tha-lo-NI-li, ambayo haiui kiwavi hata mmoja. Pingili ya mbele, kloro, haisemi dawa ni ya nini. Muombe kopo tupu la zamani au picha ya lebo, mwonyeshe jina la kawaida, na mlitamke pamoja kwa pingili ili siku nyingine alitaje lote.

18. Nasomaje jina kwa simu, au redioni?

Kwa simu, taja jina zima mara moja, kisha pingili moja moja, kisha taja kwa herufi zile sehemu zinazoponza peke yake: "methanol, M ya Moshi"; "nitrite, mwisho ni I-T-E". Mwenzako akurudishie kwa sauti yake. Kipimo kitajwe mwisho, peke yake: "lambda-sai-ha-lo-THRI-ni… asilimia tano… E, C". Asilimia tano ni gramu 50 kwa lita, na EC ni dawa ya majimaji inayochanganywa na maji.

Kwa redio, mhariri aandike matamshi kwa vistari juu ya neno kabla taarifa haijaingia studio. Jina la kimfumo lisisomwe hewani. La kawaida linatosha.

## Mambo ya pembeni

19. Kuna majina yanayodanganya hata ukikata vizuri?

Yapo. *Metalaxyl*, me-ta-lak-SI-li, haina metali yoyote. Ni kaboni, haidrojeni, nitrojeni na oksijeni. Kinyume chake *mancozeb*, man-ko-ZE-bu, ambayo ina manganisi na zinki. *Permethrin* na *cypermethrin* zina herufi m-e-t-h, lakini usikate meth kama kaboni moja. Kipande cha kushika ni *-thrin*, kilichotokana na pyrethrin, kemikali ya maua ya pareto. *Cy* ya mbele ni siano, ndiyo inayotofautisha cypermethrin na permethrin. *Butadiene* ni byu-ta-dai-I-ni, di na ene, pingili mbili.

Kanuni yetu: jina la kawaida limebanwa, pingili zake ni mabaki. Ukitaka uhakika wa kilichomo, kata jina la kimfumo.

20. Niandike kwa Kiswahili au niache kama lilivyo?

Yenye jina la Kiswahili lililokomaa yaandikwe hivyo: chumvi, magadi, mrututu, chokaa, asidi, kloridi, salfeti. Majina ya viuatilifu na dawa yaachwe herufi kwa herufi kwenye lebo, risiti, cheti cha daktari na leja ya stoo, kwa kuwa anayetafuta taarifa za sumu atatafuta kwa herufi hizo. Matamshi ya Kiswahili yaandikwe pembeni. "Glaifoseti" ni nzuri kwenye kipeperushi cha kijijini ilimradi glyphosate iwepo angalau mara moja.

21. Jina refu kuliko yote ni lipi, na linatamkika?

Linalotajwa sana ni la titini, protini kubwa ya misuli, lenye herufi 189,819. Linaanza *methionylthreonylthreonyl…* na kuishia *…isoleucine*. Linatamkika, kwa sababu ni amino asidi zilizopangwa foleni: kila pingili inaishia na *-yl*, me-thai-o-NAI-li, thri-o-NAI-li, hadi ya mwisho, ai-so-lu-SI-ni, ambayo peke yake haina -yl. Ukiziweza zile amino asidi ishirini umeliweza lote. Kilichobaki ni saa nyingi za kusoma. Maabara hawalitumii. Huandika titini, na mpangilio wake huuonyesha kwa herufi moja moja, M kwa methionine, T kwa threonine.